Kusikilizana: Namna ya Kutoa na Kupokea Maoni juu ya Muziki wa Kompyuta

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya walimu wa kambi mbele ya vikundi vya vijana, katika wiki ya maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Yamechapwa kwa ombi la Kamati.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wataliona dogo: namna vijana wetu wanavyoambiana juu ya muziki wanaoutengeneza kwa simu na kompyuta, yaani midundo ya kuchezea, midundo ya kuimbia na muziki wa michezo ya kompyuta. Tunaomba mtuvumilie. Tutajaribu kuonyesha kwamba jambo hili si dogo.

Kambini tunaulizwa sana na kusikilizwa kidogo. Tunaulizwa majina, idadi ya watu katika kaya, tulikotoka na mwaka tuliovuka mpaka. Majibu yanaandikwa, karatasi inakwenda. Kijana anapokaa chini ya taa ya sola usiku kucha akipanga ngoma, besi na kinanda katika simu iliyopasuka kioo, anafanya kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Hakikuja na mgao. Ni kazi yake mwenyewe tangu mwanzo. Anapomletea mwenzake asikilize, anachoomba ni sikio. Swali letu leo ni hili: je, tunampa?

Kwa maoni yetu sisi walimu, mara nyingi hatumpi. Tunampa mojawapo ya vitu viwili, na vyote viwili vinamharibu.

Cha kwanza ni sifa ya huruma. Mgeni anafika na gari, anapigiwa wimbo kwa dakika moja, anapiga makofi, anasema ni mzuri sana, anapiga picha, anaondoka. Hatumlaumu mgeni, kwani ana moyo mwema na safari yake ni fupi. Lakini kijana anabaki na nini? Hajui kama besi yake ilisikika. Hajui kama mwanzo ulikuwa mrefu mno. Amesifiwa kwa sababu ni mkimbizi, kazi yake haikuguswa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tunaongeza kwamba mgema anayesifiwa na mtu ambaye hakuonja hata kidogo, huyo hata hajui kama tembo lake ni tembo.

Cha pili ni kicheko. Kijana analeta wimbo, wenzake wanasikiliza sekunde kumi, mmoja anasema "huu ni wa watoto", wote wanacheka, na simu inarudishwa. Tunamfahamu kijana mmoja wa kambi hii aliyefuta nyimbo zake zote usiku uleule baada ya kuchekwa hivyo, na hajatengeneza nyingine. Tunafahamu pia vikundi viwili vilivyoacha kusalimiana kwa sababu mtu alisema mdundo fulani ni "wa kule kwao". Neno lililoanza kama maoni juu ya ngoma likageuka kuwa neno juu ya kabila. Wote tuliopo hapa tunajua maneno ya namna hiyo yalitufikisha wapi. Ndiyo maana tunasema jambo hili si dogo.

Ndugu zetu, muziki wa mashine haukukua kwa makofi, wala haukukua kwa kicheko. Umekua kwa watu kusikilizana. Tutatoa mifano michache.

Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Super Mario Bros. Mtunzi wa muziki wake ni Koji Kondo. Mashine ile ilikuwa na njia tano tu za sauti, na sauti za mchezo, kama ile ya kuruka au kuokota sarafu, zilichukua nafasi katika njia hizohizo. Wimbo wa kwanza alioutunga Kondo ulikuwa wa polepole, kwa sababu mchezo wenyewe wakati ule ulionyesha tu mtu akizunguka katika uwanja mtupu. Mchezo ulipobadilika, wimbo haukulingana tena na kukimbia na kuruka kwa Mario, naye akauongeza kasi na kuutengeneza upya. Kwa sehemu ya chini ya maji alitunga mwendo wa waltz, wa mapigo matatu. Angalieni kipimo alichotumia. Alijiuliza kama wimbo unafanya kazi yake katika mchezo. Kuwa mtamu peke yake hakukutosha.

Mfano wa pili ni wa Ulaya. Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, iliyokuwa na njia nne za sauti. Faili la programu za aina hiyo lilibeba noti pamoja na sampuli za sauti. Kwa hiyo aliyepokea wimbo hakuusikiliza tu, aliweza kuufungua na kuona kila noti imewekwa wapi. Vijana wa nchi mbalimbali walitumiana disketi kwa posta, wakijifunza kwa kufungua kazi za wenzao. Mahali palipotengwa kwa majina ya sampuli waliandika salamu na ujumbe. Baadaye walikutana katika mashindano, kama yale ya Assembly yaliyoanza Finland mwaka 1992, ambako nyimbo zilipigwa ukumbini na waliohudhuria wakapiga kura. Wengi wao walikuwa vijana wa rika lenu, na hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Memori kadi mnazopitishiana ninyi kati ya zoni na zoni hazina tofauti kubwa na disketi zile.

Mfano wa tatu uko karibu. Singeli ya Dar es Salaam ilikuzwa na vijana wa mitaa kama Manzese na Tandale kwa kompyuta za kawaida, wakichukua vipande vya taarabu na kuvizungusha kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Ilipimwa kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani. Pale hakuna anayekuandikia barua. Watu wakiacha kucheza, umekwisha kupata jibu. Mwaka 2017 muziki huo ulitolewa katika mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukasikika nje ya Afrika Mashariki.

Sasa tuje kwetu. Muhula uliopita vijana wa darasa la kompyuta walitengeneza mchezo mdogo kwa programu ya Scratch. Msichana anabeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka nyumbani, akikwepa mbuzi na baiskeli, na akigongwa maji yanamwagika. Mwenzao mmoja akaweka muziki. Walipouonyesha, maoni ya kwanza yalikuwa "safi", "mbaya" na "unachosha". Mtunzi akakunja uso. Halafu msichana mmoja wa darasa la sita akasema hivi: "Nikifika safari ya tatu ya bomba, wimbo ukirudi mwanzo unasikika kama mtu amejikwaa. Halafu maji yakimwagika siyasikii, kwa sababu kinanda kinapiga juu yake."

Tungependa mlitazame neno hilo vizuri, kwa sababu lina mambo matatu. Amesema mahali: pale wimbo unaporudi mwanzo. Amesema alichosikia: kujikwaa. Amesema kilichoharibika: mchezaji hasikii kwamba amemwaga maji, na katika mchezo ule hilo ndilo jambo kuu. Hakusema mtunzi hajui. Hakumwambia atumie ala gani. Kijana alirudi kwenye simu yake, akakuta mlio wa noti ya mwisho unakatwa kabla haujaisha, akaurekebisha, kisha akapunguza kinanda. Kazi hiyo iliisha jioni moja kabla betri haijakwisha. Yule msichana hajawahi kutengeneza wimbo. Alisikiliza tu, akasema alichosikia.

Kutokana na hayo, tunatoa ushauri kwa anayetoa maoni.

Kwanza, sikiliza mpaka mwisho, na sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza kama msikilizaji tu. Mara ya pili shika kalamu na uandike dakika na sekunde. "Kwenye dakika ya kwanza na sekunde ishirini ngoma inaifunika sauti ya mwimbaji" ni neno ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi. "Kuna mahali hapakukaa vizuri" halimsaidii.

Pili, uliza wimbo unafanya kazi gani. Mdundo wa kuimbia lazima uache nafasi ya mwimbaji, kwa hiyo usiulaumu kwamba una uwazi. Muziki wa mchezo utarudiwa mara mia, na wimbo unaosisimua sana kwa dakika moja unaweza kumchosha mchezaji kwa nusu saa. Mdundo wa harusi si wa maombolezo. Ukiupima wimbo kwa kazi ambayo haukutumwa, umemdhulumu mwenye kazi.

Tatu, tenganisha kosa na ladha. Sauti inayopasuka kwa sababu kila kitu kimepandishwa mno ni kosa. Lakini kuna sauti inayopasuka kwa kusudi. Ndugu zetu wa Konono N°1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na marehemu Mingiedi Mawangu, walipiga likembe kwa vipaza sauti walivyojitengenezea kwa vyuma vya magari mabovu. Mkwaruzo uliotokea waliuacha uwe sehemu ya muziki, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ikasikilizwa duniani. Kwa hiyo kabla ya kusema "sauti yako imeharibika", uliza: "Ulitaka ipasuke?" Kuuliza si ujinga.

Nne, taja kitu cha kubakiza. Hatusemi hivyo kwa ajili ya kumpaka mtu asali kabla ya kumchapa. Sababu ni ya kazi: anayerekebisha wimbo asipojua kilicho kizuri anaweza kukiondoa pamoja na kibaya. Kisha chagua mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi matatu. Mwalimu anayejaza wino mwekundu ukurasa mzima hamfundishi mtoto insha. Anamfundisha kuogopa kalamu.

Tano, sema juu ya kazi, usiseme juu ya mtu. Lugha yake, zoni yake, kabila lake, kanisa au msikiti wake, simu yake ya bei ndogo, havimo katika wimbo. Ukiona neno lako halihitaji hata kusikiliza wimbo ili lisemwe, basi hilo si maoni. Lizuie.

Sita, mkilinganisha nyimbo mbili, zisawazisheni kwanza ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu hupenda kinachopigwa kwa nguvu zaidi, likadhani ndicho bora. Mashindano yetu mengi yamekwisha kwa ugomvi wakati aliyeshinda alishinda kwa kitufe cha sauti.

Sasa tuje kwa anayepokea. Huyu ana kazi ngumu zaidi.

Kwanza, njoo na swali. Ukisema "nisikilizeni, mnaonaje?" utapata "safi" na "mbaya". Ukisema "je, besi inasikika?", au "mwanzo ni mrefu mno?", utapata jibu unaloweza kulitumia.

Pili, wakati unaambiwa, nyamaza. Tunajua ulimi unawasha. Lakini wimbo wako utakapopita kwenye memori kadi mpaka kijiji kingine, hutakuwepo kumweleza kila mtu ulichokusudia. Kama inabidi uueleze hapa, kule utakwama. Andika, shukuru, na hoja zako zitunze mpaka kesho.

Tatu, pokea ugonjwa, pima dawa. Mtu akienda zahanati anajua panapomuuma, lakini dawa anaandikiwa na mwingine. Msikilizaji vilevile. Akisema "hapa nimechoka", mwamini, kwa sababu amechoka kweli. Akisema "kwa hiyo ongeza filimbi", hapo pima mwenyewe. Pengine kinachotakiwa ni kupunguza mizunguko minne.

Nne, kabla ya kubadili, kagua chombo kilichotumika kusikiliza. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini. Wengi wameambiwa "wimbo hauna besi", wakaongeza besi mpaka ikaziba kila kitu, kumbe tatizo lilikuwa spika. Sikiliza kwa simu, kwa eafoni, na kwa spika kubwa ya ukumbini au kanisani. Kasoro inayoonekana kote kutatu ni yako. Inayoonekana kwenye kimoja, ichunguze kwanza.

Tano, usifute kitu usiku wa maoni. Hifadhi wimbo wa zamani kwa jina na tarehe, na fanyia marekebisho nakala. Memori kadi ikijaa, mwombe mwenzako akutunzie. Wengi wetu tumepoteza picha, vyeti na daftari njiani, na tunajua kitu kilichopotea kinavyodaiwa na moyo. Msizifute kazi zenu kwa mikono yenu wenyewe.

Sita, uamuzi ni wako. Ukiambiwa na watu watano jambo lilelile, lifikirie sana. Ukiambiwa na mmoja, lisikilize. Mwishoni, wimbo una mwenyewe. Kuna mengi kambini ambayo tunaamuliwa: mahali pa kujenga, siku ya mgao, saa ya kutoka na ya kurudi. Hili mnaliamua ninyi. Liamueni baada ya kusikia, na mkishaamua simameni nalo.

Kwa wazazi tuna maneno machache. Tunajua mnaona betri zinakwisha kwa muziki wakati taa inahitajika, na kuna nyimbo ambazo hata sisi hatuzipendi. Wekeni saa, wekeni mipaka, hiyo ni haki yenu. Lakini mtoto akikuletea wimbo usimfukuze kwa neno moja, "uhuni". Sikiliza dakika mbili, umwambie umesikia nini. Kijana anayezoea kuambiwa ukweli kwa heshima juu ya ngoma zake atakubali pia kuambiwa ukweli juu ya marafiki zake. Na kwa mabinti tunasisitiza: katika vikundi vyetu kompyuta inashikwa na wavulana, na wasichana wanaitwa kuimba kiitikio. Yule aliyesema neno bora kuliko wote katika mchezo wa ndoo alikuwa msichana, na hakuwa ameulizwa.

Kwa Kamati tunaleta maombi mawili. La kwanza, itengwe saa moja kila wiki ukumbini, wakati sola ina nguvu, kwa ajili ya kusikilizana tu. Zisizidi nyimbo nne, kila moja ipigwe mara mbili, mwenye wimbo aulize swali lake, na awepo mtu mzima mmoja wa kuzuia matusi. Isiwe siku ya mashindano, na zawadi isiwepo.

La pili, liwepo daftari moja la kikundi litakalotunzwa ukumbini. Kila wimbo uandikwe jina, tarehe, swali la mtunzi na maoni yaliyotolewa. Sababu yetu ni hii: hapa watu huondoka. Wengine wanarejea nyumbani, wengine wanapelekwa nchi ya tatu, wengine wanahamishiwa kambi nyingine, na mara nyingi taarifa inakuja siku chache tu kabla ya safari. Rafiki aliyekusikiliza vizuri kuliko wote anaweza asiwepo mwezi ujao. Akiwa ameandika alichosikia, neno lake litabaki, na kijana atakayefika kesho na simu yake iliyopasuka kioo atalisoma, atajua kwamba mahali hapa kazi ya mtu husikilizwa.

Vijana wetu, hatuwaahidi kwamba muziki utawatoa kambini. Wapo watakaowaambia hivyo, sisi hatuna uhakika huo. Tunachojua ni kwamba mtu anayeweza kusema kweli bila kudhalilisha, na kuisikia kweli bila kuvunjika, huyo anafaa kuwa fundi, mwalimu, mzazi na mjumbe wa Kamati, iwe ni hapa au popote atakapokwenda. Hilo mnaweza kuanza kujifunza wiki hii, kwa wimbo wa dakika tatu.